Usiishie Kuuliza "Imeua?"

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Haya ndio niliyoongea Jumamosi pale Magomeni, kwenye ule ukumbi mdogo nyuma ya shule, tulikuwa kama watu sitini hivi, wanafunzi wa maabara na unesi, kina mama wa mtaani na wazee wachache. Wengi mmeniomba niyaandike, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasema, pale niliporudia maneno nimepunguza, na pale nilipokimbizana na muda nimeongezea kidogo.

Nianze na meseji. Juzi juzi kwenye group la familia imetupwa meseji ya mmea fulani, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba "umethibitishwa maabara kuua seli za uvimbe wa kichwani", chupa laki na nusu, unaletewa mpaka mlangoni Dar nzima. Shangazi yangu akanipigia hapo hapo, mwanangu wewe si ndio kazi yako hiyo, hivi hii ni kweli? Nikamwambia shangazi, inawezekana kabisa ni kweli, na ndio maana nina wasiwasi.

Kwa sababu, jamani, kwenye kisahani cha maabara karibu kila kitu kinaua. Chumvi inaua, sabuni inaua, ndimu inaua, maji ya bomba peke yake yanaua maana seli zinayafyonza mpaka zinapasuka. Mimi nimekaa miaka mitano kwenye maabara moja Uingereza nikiwa na kazi hiyo tu, kuziwekea dawa seli za uvimbe wa tezi ya pituitari na kuangalia zinafanyaje, na kuua seli ni kitu rahisi mno, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaziua bila kukusudia. Kwa hiyo leo nataka niwaambie kitu ambacho mimi mwenyewe kimenichukua muda kukielewa, kwamba ule uvimbe wa pituitari unaotibika vizuri kuliko yote, dawa yake kazi yake kubwa wala sio kuua. Nitafika huko, tuvumiliane.

Pituitari ni katezi kadogo, ukubwa wa punje ya njegere, uzito kama nusu gramu hivi, kamekaa chini ya ubongo nyuma kabisa ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki kwa jinsi kilivyo kama tandiko la farasi. Juu yake tu hapo ndio mishipa ya macho inapopishana. Na haka katezi ndio kanatoa homoni za kuamuru mwili, ya kukuza, ya maziwa, ya kuamsha ovari na korodani, ya kuamsha tezi ya shingoni, ya kuamsha zile tezi za juu ya figo. Sasa kakiota uvimbe, na mara nyingi sana huo uvimbe sio kansa, naomba hapo msikie vizuri maana mtu akiambiwa uvimbe kichwani anashaanza kuaga watu, mara nyingi sana sio kansa, basi mambo mawili yanatokea. Moja ni homoni kumwagika kuliko inavyotakiwa. Pili ni uvimbe kukua kwenda juu na kubana ile mishipa ya macho, na mtu anapoteza kuona pembeni, kulia na kushoto, anaona mbele tu kama anachungulia kwenye bomba. Na inakuja polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui. Kijana wa bodaboda anaanza kugonga vioo vya pembeni vya magari pale Kigogo, wenzake wanasema siku hizi anakunywa, kumbe haoni.

Katika uvimbe wote wa pituitari, karibu 4 kati ya 10 ni ule unaomwaga prolaktini, homoni ya maziwa. Huu ndio nitakaa nao.

Dada yangu mkubwa (ameniruhusu niseme, na alikuwa amekaa safu ya pili pale pale ukumbini) aliolewa, miaka minne hamna mtoto. Hedhi ilikata. Maziwa yanatoka, kidogo kidogo, akikamua tu nguo ya ndani inalowa, na hajawahi kubeba mimba hata siku moja. Sasa niambie, kwenye nyumba ya ukweni mwanamke anatoa maziwa na mtoto hana, watu wanasema nini? Mmoja akasema ametupiwa kitu, mwingine akasema alitoa mimba kwa siri, na hilo la pili ndilo lililomuumiza zaidi mpaka leo akilikumbuka anabadilika uso. Alisafishwa kizazi mara mbili kwenye kliniki moja hapa mjini. Akapelekwa kwa mganga mkoani, akanyolewa, akaogeshwa. Miaka minne. Mpaka siku moja nesi wa makamo, kwenye zahanati ya kawaida tu ambako alienda kwa ajili ya kichwa, akamuuliza swali ambalo hamna mtu aliwahi kumuuliza kwa upole, dada, maziwa yanatoka? Kisha akamuuliza la pili, unakunywa dawa gani yoyote kwa sasa?

Hayo maswali mawili ndio sayansi yote ya hii tezi, na nitawaonesha kwa nini.

Prolaktini ni homoni ya ajabu kidogo. Hizi homoni nyingine za pituitari zinasubiri kuamriwa toka. Prolaktini yenyewe inataka kutoka muda wote, na ubongo unafanya kazi ya kuizuia, usiku na mchana, kwa kutumia dopamini. Dopamini inateremka kutoka kwenye ubongo, inafika kwenye seli za pituitari, inaingia kwenye kipokezi, wataalamu wanakiita D2, mimi nakiita mlango. Mlango ukipata dopamini, ndani ya seli ile ishara ya kuchochea inapungua, kalsiamu inayoingia inapungua, na vile vifuko vilivyojaa prolaktini havimwagi. Ndio maana nesi aliuliza kuhusu dawa, kwa sababu kuna dawa zinaziba mlango huo huo. Metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, domperidoni, na zile za wagonjwa wa akili kama haloperidoli, klopromazini na risperidoni. Mlango ukizibwa dopamini haifanyi kazi, prolaktini inafumuka, maziwa yanatoka, hedhi inakata, na hamna uvimbe wowote. Kuna mama alinyanyua mkono akaniuliza kwa hiyo mwanangu anayekunywa dawa za akili nimuachishe? Hapana mama, tafadhali sana, usimuachishe, nenda naye kwa yule yule daktari aliyemuandikia mkaseme maziwa yanatoka, yeye ndio atabadilisha dawa au dozi. Kuacha ghafla kunaweza kumrudisha mtoto kubaya zaidi.

Dada hakuwa anakunywa chochote. Akapimwa damu, mwanamke asiye na mimba prolaktini yake kwa kawaida inakuwa chini ya nanogramu 25 hivi kwa mililita, yake ilisoma 180. Akapigwa picha ya MRI, uvimbe upo, milimita 8. Chini ya milimita 10 unahesabika mdogo.

Haya, sasa maabara.

Seli ambazo dunia nzima imezitumia zaidi kwenye hii kazi zinaitwa GH3. Zilitoka kwenye uvimbe wa pituitari wa panya jike, na waliozifanya zikaishi na kuzaliana nje ya panya walikuwa kina Armen Tashjian na wenzake kule Boston, Marekani, ripoti yao ilitoka 1968. Yule panya alishakufa zamani, seli zake ziko hai mpaka leo, zimegawanywa kwenye mafriza na mitungi ya naitrojeni dunia nzima. Zinatoa homoni ya kukua na prolaktini pia. Nilipozipokea mara ya kwanza kwenye kichupa kidogo kama kidole cha mwisho, zimeganda, nilikaa nazo mkononi sekunde kadhaa nikiwaza kwamba hizi ni kubwa kuliko mimi kiumri.

Zinalelewa kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la nyuzi 37, joto la mwili, kwenye chupa bapa ya plastiki, zinalishwa maji yenye virutubisho na seramu ya damu ya farasi na ya ndama. Hayo maji yana rangi ya kupimia, yakiwa sawa yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela iliyotiwa maji kidogo. Seli zikila na kuchafua yanaanza kuwa ya machungwa, mwisho njano ya ndimu, na hapo ujue umechelewa, wenye nyumba wana njaa. Ilikuwa naingia asubuhi kabla sijavua koti nachungulia kwanza rangi.

Siku ya kupima dawa unazihesabu, unazipanda kwenye pleti ya plastiki ukubwa wa kiganja yenye vishimo 96, mistari 8 kwa 12, tuseme seli elfu kumi kila kishimo. Unaziacha zikae usiku kucha. Kesho yake unaweka dawa, mstari huu hakuna dawa kabisa, huu kidogo, huu zaidi, mpaka mwisho. Unasubiri siku mbili au tatu. Kisha unaweka kitu cha njano, na seli iliyo hai na inayochakarika inakibadilisha kile cha njano kuwa vipele vya zambarau, zambarau ile ile ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau njiani. Unaviyeyusha, unaingiza pleti kwenye mashine, inasoma zambarau kiasi gani kila kishimo. Zambarau nyingi, seli nyingi hai. Zambarau kidogo, mtafiti anaandika dawa imeua.

Na hapo ndipo ninapowaomba msimame na mimi. Mashine haijaona kifo. Mashine imeona rangi. Seli iliyokufa haitoi rangi, ni kweli, lakini seli iliyopunguza kasi nayo inatoa rangi kidogo, na seli iliyoacha kuzaliana kwa siku tatu nayo itaonekana imepungua ukilinganisha na jirani zake waliozaliana. Vitu vitatu tofauti kabisa, na kwenye karatasi vinaweza kutoka na namba moja. Ili ujue kipi ni kipi lazima uende mbele, uhesabu seli moja moja kwa hadubini, upime dalili za seli kujiua yenyewe, upime prolaktini iliyomwagwa kwenye yale maji. Ukisoma mahali "dawa X imeua seli za uvimbe asilimia 60" na kipimo kilichotumika ni hicho cha rangi peke yake, jua bado hujaambiwa.

Halafu dozi. Hapa ndio watu wanaumizwa. Kuna dawa inaitwa bromokriptini, dawa halali ya uvimbe wa prolaktini, imetumika miaka zaidi ya hamsini. Ukiwa unaitumia, kwenye damu yako inakuwemo kiasi cha nanomola chache tu, nanomola ni kipimo cha dawa iliyo kidogo mno ndani ya maji. Lakini ukitaka kuua GH3 kwa hiyo hiyo bromokriptini kwenye kisahani ndani ya siku mbili unatakiwa uende kwenye maikromola kumi, ishirini, hamsini. Maikromola moja ni nanomola 1,000. Yaani unaongelea maelfu ya mara zaidi ya kinachoingia mwilini mwa mgonjwa. Hapo bromokriptini inaua kama sabuni inavyoua.

Na kwa nini GH3 zinahitaji zote hizo? Kwa sababu nyingi hazina mlango! Hicho kipokezi cha D2 kinachofanya kazi hazina. Nilipogundua hilo nilikuwa nimeshafanya pleti kumi na kitu, naweka dawa dozi ndogo ya kawaida, hakuna kitu, seli zinakula zao zinakua zao, nikadhani dawa imeharibika njiani, nikaagiza nyingine, vilevile. Msimamizi wangu akanipa seli nyingine zinaitwa MMQ, nazo ni za panya ila mlango zinao. Nikaweka dozi ndogo, ile ya nanomola. Nikapima prolaktini kwenye maji yake na ikawa imeanguka. Siku ile ile. Nikaangalia kwenye hadubini nikitegemea nitakuta maiti zinaelea, hamna, seli zipo zinaelea zao kama kawaida yake, hai kabisa, ila zimenyamaza.

Wazee wangu, hapo ndio nilimuelewa dada yangu alichopewa. Dawa hizi zinafanana na dopamini, zinaingia mlangoni, zinaambia seli nyamaza. Seli inaacha kwanza kumwaga, baada ya siku inapunguza kutengeneza, na kile kiwanda chake cha ndani kinachojaza nafasi yote kinaanza kukunjwa, seli inanywea. Seli mamilioni zikinywea kwa pamoja uvimbe wenyewe unanywea, na ndio maana kuna wagonjwa wenye uvimbe mkubwa wameanza kuona vizuri ndani ya siku chache au wiki chache, bila kisu. Baadhi ya seli zinakufa baadaye, ndio, lakini ule unafuu wa haraka ni wa kunywea. Na upande wa pili wake ni huu, ukiacha dawa mapema, seli iliyonywea inaweza kufumuka tena, kiwanda kinakunjuliwa. Kwenye pleti nimeiona kwa macho, nimeondoa dawa, nimeosha, nimeweka maji mapya, prolaktini inarudi. Dada baada ya miezi mitano alisikia nafuu, hedhi imerudi, maziwa yamekauka, akataka kuacha vidonge maana bei nayo inauma, nikampigia kutoka kule nikiwa nimesimama mbele ya inkubeta nikamwambia dada tafadhali, nimetoka kuziangalia sasa hivi, zimelala tu hazijafa. Kawaida madaktari wanaenda angalau miaka miwili, na kama prolaktini imekaa sawa na uvimbe hauonekani kwenye MRI ndio wanaanza kupunguza taratibu huku wanapima.

Sasa fikiria kama watafiti wa zamani wangekuwa wanauliza imeua tu. Hii dawa wangeitupa.

Ilivyopatikana nayo ni habari. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wengi walikuwa hawana hakika kama binadamu ana prolaktini yake kabisa, walidhani kazi ya maziwa inafanywa na homoni ya kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndio kina Henry Friesen kule Canada wakaonesha ipo peke yake. Wakati huo huo kampuni ya Sandoz kule Basel, Uswisi, Edward Flückiger na wenzake walikuwa wanahangaika na kemikali za kuvu fulani anayeota kwenye nafaka ya rai, kuvu ambaye huko Ulaya zamani alikuwa anasumisha vijiji vizima kupitia mkate. Humo ndimo ilimotoka bromokriptini, na 1971 zikaanza kutoka taarifa za wanawake waliokauka maziwa kwa kuitumia. Kwa hiyo mtu asije akasema mimi nadharau mimea na vitu vya asili. Hii dawa ya dada asili yake ni ukungu wa nafaka! Lakini walichukua kitu kimoja kutoka kwenye ule ukungu, wakakijua sura yake, wakajua kinaingia mlango gani, kwa kiasi gani, na kinatoka mwilini baada ya muda gani. Chupa ya laki na nusu hayo yote haina.

Tufanye hesabu kidogo ya hiyo chupa, nilifanya ubaoni pale na wanafunzi. Tuseme mmea unaua seli kwenye kisahani kwa mikrogramu 200 kwa kila mililita, namba ya kawaida kabisa kwenye majaribio ya mimea. Mtu mzima ana damu kama lita 5, ni mililita 5,000. Mara 200, mikrogramu milioni moja, yaani gramu nzima ya ile dawa iliyokamuliwa iwe kwenye damu yako kwa wakati mmoja, haijavunjwa na ini, haijakojolewa, haijazuiwa tumboni, na ikae hivyo siku mbili tatu kama ilivyokaa kwenye pleti. Kumbukeni hiyo gramu moja, nitairudia.

Uvimbe wa aina nyingine nitapita haraka. Kuna wa homoni ya kukua, mtu mzima viatu vinaanza kumbana, pete haivuki, taya linatoka mbele, huu dawa yake ilitokana na homoni inayoitwa somatostatini iliyogunduliwa 1973 kwenye maabara ya Roger Guillemin, ambaye 1977 alipata Nobel. Tabu yake ilikuwa inapungua nusu kwenye damu ndani ya dakika mbili tatu, ndio ikatengenezwa oktreotaidi inayodumu muda zaidi. Na kuna ule unaochochea kotisoli, homoni ya zile tezi za juu ya figo, ndio ugonjwa wa Kushingi, sura inakuwa duara, tumbo linakua miguu inakonda, huu maabara wanatumia seli za panya mdogo zinaitwa AtT-20, na wenyewe bado ni mgumu, tiba ya kwanza bado ni upasuaji.

Mmeona, panya, panya, panya. Seli za binadamu ziko wapi? Hapo pana maumivu yangu. Seli za pituitari za binadamu zikitolewa kwenye upasuaji, na siku hizi wanaingilia puani, hazitaki kuzaliana kwenye chupa. Unapata kipande kama punje ya mchele, unakikatakata, unakipanda, baada ya siku chache seli zile za nyuzi, za kushikilia nyama, zinakua haraka kuliko zenyewe, kama magugu kwenye bustani ya mchicha, na homoni kwenye maji inashuka kila siku mpaka sifuri. Kwa hiyo una siku chache tu za kuuliza maswali yako. Lakini hizo siku chache zina thamani, maana ni seli za mgonjwa huyu huyu, unaweza kuangalia zina milango gani, zinanyamaza kwa dawa ipi. Na kati ya wagonjwa wa prolaktini wapo ambao dawa inawagomea, na mara nyingi ukiangalia seli zao milango ya D2 ni michache.

Sasa hapa kwetu upasuaji wa ubongo unafanyika, MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, vijana wetu wanafanya kazi kubwa. Kile kipande kikitoka kinatiwa kwenye fomalini kinaenda patholojia, ni sahihi kabisa, lazima tujue ni uvimbe gani. Ila fomalini imeshaua kila seli. Ninachotamani, na nimesema mbele ya wanafunzi kwa makusudi, ni chumba kimoja Dar es Salaam, kimoja tu, ambapo robo ya kile kipande, kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, inapelekwa ndani ya saa moja ikiwa hai. Najua inahitaji nini. Inahitaji umeme usiokatika, maana inkubeta ikishuka kutoka 37 usiku mmoja kazi ya mwezi imekwenda, inahitaji naitrojeni ya maji, na inahitaji watu wasafi wa mikono na wasafi wa moyo.

Nasema moyo kwa sababu hii. Mwaka wangu wa tatu nilipata matokeo mazuri sana, dawa fulani inapunguza zambarau vizuri, mstari unashuka kama umechorwa na rula. Nikafurahi, nikapiga simu nyumbani. Kabla ya kuyatoa tukapima seli kama zina maikoplazima, hivi ni vibakteria vidogo mno, kwenye hadubini ya kawaida huvioni, vinapita hata kwenye chujio, penisilini haivigusi kwa sababu havina ukuta. Zikakutwa zinavyo. Miezi mitatu yote, vile vibakteria ndivyo vilikuwa vinachezea ile rangi, sio dawa. Tulimwaga kila kitu, tukasugua chumba, tukaanza upya na kichupa kingine kutoka kwenye mtungi, na safari ya pili ule mstari mzuri haukutokea tena. Nililia kwenye basi, kweli kabisa. Lakini nawaza, kama tusingepima? Yangetoka, na leo kungekuwa na mtu sehemu anauziwa kitu kwa jina la ile rula yangu.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika moja la mwisho. Mama mmoja mtu mzima, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, akasimama na bahasha ndogo ya khaki ya duka la dawa. Akasema mwanangu, binti yangu ana hicho hicho ulichosema, wamemuandikia nusu kidonge, mara mbili kwa wiki. Nusu! Sisi tukaona hawa wametudharau, ugonjwa wa kichwani unatibiwa na nusu kidonge? Ndio maana nikamnunulia na ile chupa.

Nikaomba niione bahasha. Kabergolini, kidonge cha miligramu 0.5, nusu yake ni 0.25. Nikamwambia mama, hii ndio ndugu wa ile bromokriptini, mpya zaidi, inakaa mwilini muda mrefu, baada ya masaa kama 65 bado nusu yake ipo, ndio maana haina haja ya kila siku. Nikarudi ubaoni kwenye ile gramu moja ya mmea. Nikawaambia wanafunzi, gramu moja ya hii kabergolini ukiigawa kwa miligramu 0.25 unapata dozi ngapi? Binti mmoja wa maabara akajibu haraka, 4,000. Kwa wiki mara mbili? Mara 104 kwa mwaka. Akagawanya kwenye simu. Miaka 38.

Mama akaniuliza, gramu moja ni kiasi gani? Nikamwambia kama robo ya kijiko cha chai cha sukari.

Akakaa. Akaitoa ile karatasi ya vidonge kwenye bahasha, akaigeuza, akaanza kuhesabu kwa kidole vimebaki vingapi, akahesabu mara mbili, kisha akamuuliza jirani yake leo ni Jumamosi sio, akajibiwa ndio, akasema basi cha leo bado hajanywa, akachukua mkoba wake akatoka kwenda kumpigia simu.